Namna ya Kutengeneza Fumbo la Picha za Magofu: Mwongozo Kamili kutoka Kaole, Bagamoyo

Magofu ya Kaole yapo kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Wageni wengi wanaofika hapo huzunguka kwa saa moja, humsikiliza mwongoza watalii, hupiga picha karibu na makaburi ya nguzo, kisha huondoka bila kuyaona mambo mengi yaliyokuwa mbele ya macho yao. Siwalaumu, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa na jua na mvua kwa karne nyingi haujielezi wenyewe, na jicho lisilozoea huona rundo la mawe tu. Njia moja niliyoiona ikilizoesha jicho hilo, kwa wanafunzi na hata kwa wazazi wao, ni mchezo wa kufunua picha: picha ya sehemu moja ya gofu hufunikwa kwa miraba, wachezaji hufunua mraba mmoja baada ya mwingine, na ushindi huwa wa kundi linalotambua vitu vilivyojificha humo kwa kufunua miraba michache zaidi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutengeneza mchezo huo tangu kupiga picha hadi kuhesabu alama. Una sharti moja ambalo sitalilegeza popote: jibu la kila swali liwe ndani ya picha, mahali ambapo mchezaji anaweza kuweka kidole chake. Nililijua sharti hili baada ya kulikosa. Fumbo langu la kwanza lilikuwa picha ya nguzo iliyopigwa saa saba mchana, na maswali yake yaliuliza kaburi ni la nani na masimulizi yake ni yapi. Wanafunzi waliokwisha kutembelea Kaole walijibu yote bila kufunua hata mraba mmoja, na ambao hawajawahi kufika walikaa kimya hadi mwisho. Mmoja wa hao waliokaa kimya alinyosha mkono baadaye, akasema kwamba sehemu ya chini ya nguzo imejengwa na fundi mwingine kwa kuwa rangi yake si ile ya juu, nami nikamjibu kwamba hilo halimo katika majibu. Wiki iliyofuata nilirudi pale, nikainama karibu na nguzo, nikakiona kiraka cha saruji ambacho yeye alikiona kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza: Kujua kinachojificha ukutani

Kabla ya kushika kamera, nenda kwenye gofu mara moja bila kamera yoyote, ukiwa na daftari. Mtengenezaji wa fumbo asiyejua kuusoma ukuta atatunga maswali ya kuhesabu madirisha. Kaole ina mabaki ya misikiti miwili na makaburi kadhaa, baadhi yake yakiwa na nguzo, ya kipindi kinachohesabiwa kuanzia karne ya 13 hadi ya 16, na takriban kila aina ya ujenzi wa mwambao wa kale inaonekana hapo kwa kiwango fulani.

Anza na mawe yenyewe. Kuta zimejengwa kwa mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yasiyo na umbo maalumu, yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Lakini mahali palipohitaji ukingo ulionyooka au nakshi, kama vile kuzunguka mihrabu (kishubaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa Makka, yaani Kibla) na kwenye miimo ya milango, mafundi walitumia matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa mapema, kisha yakawa magumu yalipokauka. Lipu ikibanduka, aina hizi mbili hutofautiana waziwazi: jiwe la nchi kavu lina mashimo makubwa yasiyo na mpangilio na mara nyingine vipande vya kombe, ilhali tumbawe la baharini lina vitundu vidogo vilivyokaa kwa utaratibu kama sega la nyuki. Mpaka kati ya mawe hayo mawili ni moja ya majibu mazuri kuliko yote, kwa kuwa mchezaji akishauona mara moja hawezi tena kuutazama ukuta wa kale kama alivyoutazama kabla.

Tafuta pia mistari ya matundu yaliyolingana kimo. Dari na paa za majengo ya mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti zikioza huacha matundu ukutani. Mstari mmoja wa matundu unaonyesha dari ilipokuwa, hata kama hakuna dari tena. Kwa kuwa urefu wa boriti una kikomo, vyumba vya nyumba za mawe za mwambao vilikuwa vyembamba, kwa kawaida kiasi cha mita 2.5 hadi 3 za upana, na hili litakufaa utakapotunga maswali ya vipimo.

Kwenye nguzo za makaburi tazama mashimo ya mviringo. Wenyeji wa mwambao walipachika mabakuli ya kaure kutoka Uchina kwenye nguzo na kwenye kuta za makaburi, mengine ya kijani iliyofifia na mengine meupe yenye michoro ya buluu. Mabakuli mengi hayapo tena mahali pake, lakini chokaa iliyoyashika bado ina umbo la mgongo wa bakuli, laini na lililopinda kwa usawa, tofauti kabisa na shimo lililofanywa na jiwe lililodondoka. Mchezaji anayetofautisha mashimo hayo mawili ameanza kufikiri kama mwanaakiolojia, yaani anasoma alama iliyoachwa na kitu kisichokuwapo.

Mwisho katika hatua hii ni marekebisho ya baadaye. Magofu haya hayakuwa wazi wakati wote kama yanavyoonekana leo. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachimba mwaka 1958, na tangu hapo sehemu mbalimbali zimetengenezwa zisianguke. Kiraka cha saruji huwa cha kijivu na huwa kigumu kuliko chokaa inayokizunguka, ambayo huelekea weupe au umanjano. Andika katika daftari kila kiraka unachokiona, pamoja na mizizi iliyopenya kwenye nyufa, na madoa ya kuvu yanayofanana na maandishi. Viraka vitakuwa majibu, na mizizi na madoa vitakuwa mitego.

Hatua ya pili: Ruhusa na adabu

Lipa kiingilio, jitambulishe kwa wahusika wa eneo, na eleza kwamba unapiga picha za kufundishia. Kaole si magofu tu. Ni makaburi, na wapo wanaofika kuomba dua, kwa hiyo picha za watu walio katika ibada hazina nafasi katika mchezo huu. Ndege zisizo na rubani zinahitaji vibali vyake maalumu, nami kwa kazi hii sijawahi kuona haja yake.

Usiloweshe ukuta ili mchoro ujitokeze, usiupake chaki, wala usikwangue kuvu. Maji huingiza chumvi ndani ya chokaa, chaki huingia kwenye vitundu na haitoki, na kukwangua huondoa ngozi ya juu pamoja na alama uliyokuja kuitafuta. Usiokote kigae cha chungu kilicho chini, hata kama kimelala njiani na kinakanyagwa. Kigae kina maana kikiwa mahali pake, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba na kuondoa vitu vya kale bila leseni. Kigae kipigwe picha kilipo. Kwa magofu yasiyo na mlinzi, ondoa taarifa za mahali zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha kabla hujamgawia mtu yeyote.

Hatua ya tatu: Kupiga picha kwa mwanga wa mlalo

Hapa ndipo fumbo zuri linapozaliwa au linapofia. Picha ya saa sita mchana, jua likiwa juu, huufanya ukuta uonekane bapa. Kinachohitajika ni mwanga unaoupitia ukuta kwa mlalo, ukitoka upande mmoja na kuugusa kidogo tu, ili kila mchirizi uwe na kivuli chake. Mchoro wa jahazi uliokwanguliwa kwenye lipu kwa ncha ya msumari, wa aina inayopatikana katika magofu kadhaa ya mwambao, unaweza usionekane kabisa mchana, ukaonekana wote kwa nusu saa ya asubuhi.

Ili kujua saa na mwezi wa kupiga picha, elewa jiografia ya mahali. Bagamoyo na Makka ziko takriban kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tofauti ya longitudo zake haifiki digrii 1. Kwa sababu hiyo mihrabu ya Kaole ipo upande wa kaskazini wa msikiti, na uso wake, unaotazamwa na waumini, umeelekea kusini. Kati ya Oktoba na Februari jua huchomoza kusini kidogo mwa mashariki, na asubuhi mwanga wake huupitia uso huo wa mihrabu kwa mlalo. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini mwa mashariki, na uso huohuo hubaki kivulini. Nilipoteza asubuhi tatu za mwezi Juni kabla sijakaa chini na kalamu nikayachora haya, ingawa mtu yeyote aliyewahi kuanika nguo katika ua wa nyumba yake angeweza kuniambia.

Jua huchomoza Bagamoyo takriban kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili na dakika 40, kutegemea mwezi, na mwanga unaofaa hudumu takriban saa moja baada ya hapo, kisha hurudi jioni kabla ya magharibi. Ikiwa huruhusiwi kuingia mapema kiasi hicho, tumia mbinu nyingine: mwenzako akinge jua kwa mwavuli mkubwa au kanga mbili zilizotandazwa, nawe umulike sehemu hiyo kwa tochi iliyowekwa ubavuni, karibu na usawa wa ukuta lakini bila kuugusa. Piga picha nne bila kuisogeza simu, tochi ikitoka kushoto, kulia, juu na chini. Simu ikae juu ya stendi au juu ya matofali, kwa sababu picha nne zisipolingana haziwezi kupandanishwa baadaye. Watafiti hufanya jambo hilihili kwa makumi ya picha, kisha kompyuta huziunganisha ili mtazamaji aweze kuuzungusha mwanga kwenye kioo. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 2001 na Tom Malzbender na wenzake wa kampuni ya Hewlett-Packard, lakini kwa mchezo wetu picha nne zinatosha.

Zima mwanga wa simu yenyewe, simama ukiuelekea ukuta moja kwa moja pasipo kuinamisha simu, na usivute picha kwa vidole. Sogea karibu kwa miguu. Katika kila picha weka kipimo: ubao mwembamba wa sentimita 50 uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa zamu, kila kipande sentimita 10. Uweke ubao karibu na ukuta, kwa umbali uleule wa kitu kinachopimwa, bila kuuegemeza kwenye lipu. Picha isiyo na kipimo haiwezi kuulizwa swali lolote la ukubwa. Piga na picha moja ya mbali inayoonyesha sehemu hiyo ilipo katika jengo zima, ambayo hutaitumia katika mchezo bali katika maelezo ya mwisho.

Hatua ya nne: Kuchagua vitu vitano na kuandika ushahidi wake

Picha moja ibebe vitu vitano vya kutafutwa. Vitatu humalizika upesi, na vinane huwachosha watu hata wakaanza kubahatisha. Changanya ugumu: kimoja kiwe kinaonekana na kila mtu, viwili vihitaji kutazama mara mbili, kimoja kihitaji kulinganisha sehemu mbili za picha, na kimoja kihitaji hesabu au hoja.

Kwa kila kitu andika mambo mawili katika karatasi ya majibu: jina la kitu na ushahidi unaooneshwa kwa kidole. Chukua mfano wa picha ya ukuta wa mihrabu. Kitu cha kwanza kiwe mihrabu yenyewe, na ushahidi wake ni tao lililoingia ndani ya ukuta. Cha pili ni mpaka wa mawe laini na mawe magumu, na ushahidi ni vitundu vya sega upande mmoja. Cha tatu ni kiraka cha saruji, na ushahidi ni rangi ya kijivu na ukingo mkali. Cha nne ni upana wa mihrabu, unaopatikana kwa kulinganisha na ubao: ikiwa kwenye karatasi ubao wa sentimita 50 una urefu wa sentimita 6, na uwazi wa mihrabu una sentimita 10.8, basi upana halisi ni sentimita 90.

Cha tano ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Waulize wachezaji kama picha ilipigwa asubuhi au jioni. Anayejua kwamba mihrabu iko kaskazini atatambua kwamba mpiga picha alikuwa anatazama kaskazini, hivyo mashariki iko mkono wa kulia wa picha. Vivuli vikiangukia kushoto, mwanga umetoka kulia, na picha ni ya asubuhi. Hoja nzima imo ndani ya picha, na hakuna mwongoza watalii aliyekwisha kuisimulia. Kwa picha ya kaburi swali hilo huulizwa kwa njia nyingine. Marehemu wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla, kwa hiyo makaburi ya Kaole yamelala mashariki na magharibi, na pande zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Ikiwa una picha ya saa sita na nusu mchana unaweza hata kuuliza msimu, kwa kuwa katika latitudo ya Bagamoyo kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini kuanzia karibu na tarehe 10 Oktoba hadi siku za mwanzo wa Machi, na kwa miezi iliyobaki huangukia kusini. Swali hilo wape wakubwa. Watoto wa darasa la tano niliowapa walinitazama kama niliyepotea njia.

Maandishi ya Kiarabu yasiulizwe isipokuwa umempata mtu anayeyasoma kwa uhakika mbele ya jiwe lenyewe. Kuuliza "ni mstari gani una maandishi" kunatosha. Na masimulizi ya mahali, hata yale matamu yanayopendwa na wageni, yasimuliwe baada ya mchezo.

Hatua ya tano: Kugawa miraba

Simu nyingi hutoa picha yenye uwiano wa nne kwa tatu, kwa mfano pikseli 4000 kwa 3000. Uwiano huo unagawanyika vizuri katika safu wima 8 na safu mlalo 6, yaani miraba 48 iliyo sawa pande zote, kila mmoja pikseli 500. Safu wima zipewe herufi A hadi H, na safu mlalo namba 1 hadi 6, ili wachezaji waite "C4" kama wanavyoita viti vya basi. Kamera kubwa zenye uwiano wa tatu kwa mbili zinafaa safu 6 kwa 4, lakini miraba 24 ni michache kwa kundi la watu wazima.

Baada ya kuchora mistari tazama vitu vyako vitano vimeangukia wapi. Kitu kilichomo chote ndani ya mraba mmoja ni kitu cha bahati, kwa sababu atakayeuita mraba huo ameshinda bila kufikiri. Punguza kingo za picha kidogo upande mmoja hadi kila kitu kikatike na mstari na kugawanyika katika miraba miwili au minne. Robo ya shimo la bakuli ikionekana peke yake, wachezaji watabishana kama ni shimo au ni kivuli, na wataamua wenyewe ni mraba upi wa jirani utakaomaliza ubishi. Mabishano hayo ndiyo mchezo.

Hatua ya sita: Toleo la karatasi na toleo la kompyuta

Kwa karatasi, chapisha picha kwa upana wa milimita 384 na kimo cha milimita 288 katikati ya karatasi ya A3. Kila mraba utakuwa milimita 48, na picha ya pikseli 4000 itabaki kali vya kutosha kusoma vitundu vya matumbawe. Duka la kuchapisha likikuuliza kama "ijae karatasi nzima", kataa, kwa sababu itavutwa na miraba yako haitakuwa sawa tena. Gandisha picha juu ya kadibodi, kata miraba 48 ya karatasi ya manila, iandike herufi na namba, na ishike kwa gundi ya kubandua isiyoacha alama. Pini zisitumike, kwani zitatoboa picha na tundu la pini litatajwa kama ugunduzi, hilo limenitokea.

Kwa kompyuta, programu ya slaidi kama PowerPoint inatosha. Weka picha, ifunike kwa miraba isiyopitisha mwanga, na kila mraba upewe amri ya kutoweka unapobofywa wenyewe. Tengeneza mmoja, uujaribu, kisha uunakili, na baada ya kunakili hakikisha kwamba kila nakala inajiondoa yenyewe wala haimwondoi jirani yake. Weka slaidi ya pili yenye picha ileile iliyo wazi yote.

Toleo la kompyuta lina faida ambayo karatasi haina, nayo ni kidokezo cha mwanga. Zile picha nne za tochi zipandanishe katika GIMP, programu isiyolipiwa, kila moja ikiwa tabaka lake, kisha uzihifadhi zikiwa slaidi nne. Kundi likikwama linaweza kununua mwanga wa kushoto au wa kulia kwa alama zake na kuona mchirizi ukijitokeza. (Neno tabaka linalotumika katika programu za picha ndilo linalotumiwa na wachimbaji kwa udongo, na watoto hulifurahia wakielezwa kwamba katika hali zote mbili kilicho chini kwa kawaida kiliwekwa kwanza.) Usizidishe rangi na ukali wa picha mpaka ukuta uwe na sura isiyokuwapo. Ipo programu ya Jon Harman iitwayo DStretch, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufufua rangi zilizofifia za michoro ya miambani, nayo ingewafaa wanaotaka kutengeneza fumbo la Kondoa, ambako michoro yake imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Kwa kuta nyeupe za Kaole mwanga wa mlalo hufanya kazi zaidi.

Hatua ya saba: Kanuni na alama

Wachezaji wagawanywe katika makundi ya watu watatu au wanne. Kila kundi lina picha yake na linaanza na alama 60. Kufunua mraba kunagharimu alama 1, na kununua kidokezo cha mwanga alama 4. Kutaja kitu sahihi kunaleta alama 10, na kuonyesha ushahidi wake kwa kidole kunaongeza 5. Kutaja kisichokuwapo kunaondoa 5. Kundi lililofunua miraba 14, likanunua kidokezo kimoja, likapata vitu vinne, likaonyesha ushahidi wa vitatu na kukosea mara mbili, litakuwa na 60, toa 14, toa 4, jumlisha 40, jumlisha 15, toa 10, yaani alama 87. Adhabu ya kukosea isiondolewe kwa huruma, kwa sababu bila hiyo mchezaji mwerevu hutaja kila kitu anachokijua kuhusu misikiti mpaka apatie.

Dakika 25 zinatosha kwa picha moja. Msimamizi asiseme "unakaribia" wala asitikise kichwa.

Kanuni ya mwisho ilitokana na yule mwanafunzi wa kiraka. Kundi likitaja kitu ambacho hakimo katika majibu, na likaonyesha ushahidi ndani ya picha, msimamizi asiandike kosa. Aandike dai hilo katika karatasi ya pembeni pamoja na namba ya mraba, alama zake zisubiri, na dai likahakikiwe kwenye gofu lenyewe au kwa kumuuliza anayelihudumia.

Hatua ya nane: Kujaribu kabla ya siku yenyewe

Mpe picha mtu mmoja aliyewahi kufika Kaole na mwingine ambaye hajafika, kila mmoja peke yake. Wakipishana sana kwa alama, fumbo lako bado linapima kumbukumbu; litafute swali linalompendelea wa kwanza na ulibadilishe. Wakipata vitu vyote kwa chini ya miraba 10, vitu vyako ni vikubwa mno. Mtu anayevaa miwani ya kusomea awemo katika jaribio, maana picha iliyo wazi machoni pako kwenye kioo cha simu huenda isiwe wazi kwenye karatasi iliyochapishwa kwa wino hafifu.

Kwa walioko Tanga

Msomaji wa Tanga hana haja ya kusafiri hadi Bagamoyo. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga kwenye barabara ya Pangani, yana msikiti na mkusanyiko mkubwa wa makaburi ya nguzo, ila nguzo nyingi zimeanguka. Hali hiyo inafaa kwa mchezo wa aina nyingine kidogo: piga picha ya kipande kilicholala chini na picha za vitako kadhaa, kila moja ikiwa na kipimo, kisha wachezaji waamue kipande ni cha kitako kipi kwa kulinganisha upana, idadi ya pande na mistari ya mapambo. Hapo miraba haihitajiki. Kinachohitajika ni kukiri katika karatasi ya majibu kwamba baadhi ya vipande havina kitako kinacholingana, na kundi linalosema "hakuna" kwa ushahidi lipewe alama sawa na lile lililopata.

Hifadhi kila picha ya asili bila kuihariri, jina la faili likiwa na tarehe, saa na upande uliotazama, kwa mfano "kaole-mihrabu-kaskazini-saa1asubuhi". Karatasi za madai ya pembeni zikae pamoja na picha hizo ndani ya bahasha moja, na mara nyingine utakapokwenda Kaole chukua bahasha hiyo kabla ya kamera, uanze na miraba iliyoandikwa humo.